Zote ni 40:60, mbona moja inapita tope na nyingine inabaki?

Swali: "Shikamoo fundi. Naishi Dar ila kwetu ni Mufindi, naenda nyumbani kama mara nne kwa mwaka na mojawapo lazima iangukie masika. Natafuta gari la kistaarabu la mtumba, nimebaki na X5, Q7 na Prado, zote za 2010. Kila nikisoma naona zote tatu zinagawa nguvu 40 mbele 60 nyuma. Sasa kama mgao ni ule ule, kwa nini mzee wangu anasema X5 na Q7 zitanilaza porini na Prado itanifikisha? Au ni ubishi tu wa wazee na Toyota zao?"

Marahaba mdogo wangu. Mzee wako yuko sahihi nusu, na nusu nyingine ntakuonyesha huko chini usije ukaikatia tamaa kabisa hiyo X5.

Hiyo 40:60 ni kweli kwenye zote tatu, wauzaji hawajakudanganya. Ila hiyo ni namba ya siku ambayo hauihitaji, yaani umeshika lami kavu unatembea zako Chalinze, tairi zote nne zimeshika vizuri, hapo ndo nyuma inapata 60 na mbele 40. Siku ya tope hiyo namba inakufa. Kinachobaki ni swali moja tu, katikati ya hilo gari kati ya propela ya mbele na ya nyuma, yale mashafti yanayopeleka nguvu kwenye ekseli, kuna nini? Na hapo ndo gari zako tatu zinaachana.

Kwanza tuelewane kitu kimoja maana bila hiki mengine yote utaona maruweruwe. Nguvu ya kuzungusha tairi, torki, ni kama kusukuma mlango. Mlango mzito unausukuma kwa nguvu zako zote, ila mlango ambao haujafungwa ukiuvamia kwa bega unaenda nao chini, nguvu unayo ila hakuna cha kuipokea. Tairi iliyoko kwenye utelezi ndo mlango huo usiofungwa. Injini yako iwe na nguvu ya kuvuta treni, tairi ile inapokea kiasi kile tu ambacho tope linaweza kumrudishia, basi.

Sasa kuna zoezi nawafanyishaga vijana wakija kujifunza gereji. Tunachukua gari la kawaida linalosukumwa na tairi za nyuma, tunainua tairi moja ya nyuma, tunaweka stendi, tunazuia tairi za mbele, halafu mmoja anaingia anaweka gia anagusa mafuta kidogo sana. Spidomita inapanda mpaka 20, gari halijasogea hata inchi, ile tairi iliyo hewani inakimbia kama feni, kwa hesabu iko 40, na mwenzake iliyo chini imelala usingizi. Vijana wote wanasema "nguvu zote zimeenda kwenye tairi ya juu", na wote wanakosea. Difu ni gia zinazogawa nguvu pande mbili, na ile ya kawaida, ya wazi, inazipa pande zote mbili msukumo sawa siku zote, haina upendeleo. Tatizo ni kwamba ile ya hewani inahitaji msukumo kama wa kuzungusha baiskeli, na mwenzake anapewa huo huo, wa baiskeli, wa kusogeza tani mbili. Kwa hiyo hakuna aliyepata nyingi, wamepata kidogo wote wawili sawa sawa.

Ukishalielewa hilo umemaliza nusu ya somo. Gari la fowili lina sehemu tatu za kugawana, sio moja. Kuna difu ya mbele inayogawa kulia na kushoto, kuna ya nyuma hivyo hivyo, na kuna ya katikati inayogawa mbele na nyuma. 40:60 inazungumzia ya katikati peke yake.

Haya tuanze na X5. Hiyo haina difu ya katikati kabisa, watu wengi hawajui. Mfumo wao wa xDrive ulioanza 2003 uko hivi, propela ya nyuma imeungwa moja kwa moja na gia boksi, halafu pembeni kuna pakiti ya klachi, pleti nyingi nyembamba zimepangwa kama chapati kwenye hotipoti zinaogelea kwenye oili, na hiyo klachi ndo inachukua nguvu inaipeleka kwenye mnyororo, mnyororo unazungusha propela ya mbele. Juu yake kuna kimota cha umeme kidogo, kinabana zile pleti au kinaziachia kwa amri ya kompyuta. Kikiachia, mbele hakuna kitu, gari linakuwa la nyuma tupu. Kikibana mwisho, mbele na nyuma zinakuwa kitu kimoja. Kwa hiyo kwenye X5 hiyo 40:60 ni kompyuta imeamua kubana kiasi hicho kwa wakati huo, na sekunde inayofuata inaweza kuamua vingine.

Q7 ni ukoo tofauti kabisa. Pale katikati kuna difu ya Torsen, chuma kitupu, gia ndani ya gia zimekatwa meno ya kulalia, hakuna mota, hakuna waya, hakuna kompyuta inayofikiria. Jinsi lilivyotengenezwa, upande mmoja ukitaka kukimbia peke yake yale meno yanajisukuma yanakandamizana na kuta, msuguano unapanda, na upande ulioshika vizuri unapewa zaidi papo hapo. Haisubiri tairi iserereke ndo ishtuke. Mi binafsi naipenda sana hii kitu, ukiifungua mezani unaona akili ya mtu imekaa kwenye chuma.

Ila ina ugonjwa wake mmoja, na ugonjwa huo ndo unawalaza watu. Torsen inafanya kazi kwa kuzidisha. Upande dhaifu ukishika kiasi fulani, upande wenye nguvu unapewa kiasi hicho mara mbili na zaidi, kutegemea ilivyotengenezwa. Sasa upande dhaifu ukishika sifuri, tairi iko hewani kabisa, sifuri mara ngapi ni ngapi? Hapo inabidi breki ziingilie, kompyuta inashika breki ya ile tairi inayozunguka bure ili Torsen "ione" kuna mzigo, ndo ipeleke upande wa pili. Madereva wa zamani walikuwa wanafanya hivi wenyewe, wanakanyaga breki kidogo kwa mguu wa kushoto huku mafuta yanaendelea, na gari linatoka, ingawa gari nyingi za siku hizi ukikanyaga vyote viwili zinakata mafuta kwa usalama.

Sasa shika kiti. Prado ya 2010 katikati ina nini? Torsen! Ukoo ule ule wa Q7, 40:60 ile ile, hapo mzee wako na jirani mwenye Q7 wanaweza kupeana mikono. Tofauti ni vitu viwili ambavyo Q7 hainavyo. Cha kwanza ni kitufe cha kuloki difu ya katikati, ukikibonyeza ile Torsen inafungwa, mbele na nyuma zinazunguka sawa hata kama upande mmoja uko hewani, ile hesabu ya sifuri inakufa. Cha pili ni gia ya chini, ile L4, inayokuza nguvu zaidi ya mara mbili na nusu na kupunguza mwendo kwa kiasi hicho hicho. Watu wanadhani gia ya chini ni ya nguvu tu, hapana, faida yake kubwa kwenye tope ni upole. Gari linatambaa kama kobe bila kuliungurumisha, tairi hazichimbi. Kwenye X5 na Q7 ukitaka gari lisogee kwenye mlima wa tope inabidi upandishe mafuta, ukipandisha tairi zinasaga, zikisaga zinachimba kaburi lake zenyewe.

Nikuchoree picha ya huko kwenu maana njia hizo nazijua. Unatoka lami pale Mafinga unaingia ndani, ule udongo mwekundu ukinyeshewa unakuwa kama umepakwa sabuni, na malori ya magogo ya msitu wa Sao Hill yameshachimba mifereji miwili mirefu. Unaingia kwa pembe, tairi ya mbele kushoto inaning'inia kwenye mfereji na ya nyuma kulia imenyanyuka. Zimeshika mbili tu, za kukingamana. Hapo difu ya katikati ya aina yoyote ile, iwe klachi, iwe Torsen, iwe imelokiwa na kanisa zima linaombea, haikusaidii peke yake, kwa sababu mbele una difu ya wazi na nyuma difu ya wazi, na kila moja ina mguu mmoja hewani. Rudi kwenye lile zoezi la gereji, ndo hilo mara mbili.

Kinachokuokoa hapo kwenye gari zote tatu ni breki. Kompyuta inashika tairi zile mbili zinazozunguka bure, unasikia krr krr krr chini ya miguu, hiyo ni pampu ya ABS inafanya kazi, na nguvu inavuka kwenda kwa zilizoshika. Hapa kosa la wengi ni kuachia mafuta wakisikia huo mlio, wanadhani gari linavunjika. Usiachie, shikilia mafuta kidogo, sawasawa, sekunde tatu nne, lipe breki muda wa kufanya kazi. Kwenye X5 kabla hujaingia bonyeza mara moja fupi kile kitufe cha DSC, ule ulinzi wa gari kuteleza, iingie hali ya DTC, inaruhusu tairi kuserereka kidogo bila kukukata nguvu, maana ile ya kawaida ikiona utelezi inamnyima injini mafuta na gari linakufa moyo katikati ya tope. Ila ujue breki zinapata moto, ukikaa hapo dakika kumi unalazimisha, kompyuta inaweza kusitisha msaada ili kuziokoa. Prado yenye L4 na loki ya katikati inafanya kazi ile ile ya breki, ila kwa mwendo wa kobe, kwa hiyo inapata muda na haichimbi. Baadhi ya Prado zina na loki ya difu ya nyuma, ukiipata hiyo usiulize bei mara mbili, lipia.

Basi hiyo ndo nusu ya mzee.

Nusu yako ni hii. Kati ya safari yako yote ya kutoka Dar, tope ni kilomita ngapi? Kumi na tano? Ishirini? Iliyobaki ni lami, na ndani ya hiyo lami kuna mlima wa Kitonga. Panda Kitonga mvua inanyesha, lami inateleza dizeli iliyomwagwa na malori, kona juu ya kona, hapo X5 inafanya kitu ambacho Prado haiwezi hata kwa maombi. Inasoma usukani umekatwa kiasi gani, inasoma kila tairi inazunguka vipi, inasoma mwili wa gari unazunguka kwa kasi gani. Mkia ukianza kutoka, klachi inabana, nguvu inapelekwa mbele, gari linavutwa linanyooka. Pua ikigoma kukata kona, klachi inaachia, mbele inabaki na kazi moja tu ya kukata kona. Yote hayo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, wewe unaongea na abiria hujui kitu. Q7 nayo imetulia sana pale, haina ujanja huo wa kuachia ila haishtuki kamwe. Prado ni ndefu kwenda juu, inalala kwenye kona, utaipanda Kitonga ndio, kwa heshima.

Zile nyingine wasizokutajia nazipitia haraka maana najua utaniuliza. Range Rover Sport ya miaka ile ni 50:50, ina difu ya katikati inayolokiwa na klachi ya umeme na ina gia ya chini, kwa mgao wa nguvu ndo inayomkaribia Prado kuliko wajerumani wako wawili, ila bajeti ya spea ujadiliane na mkeo kwanza. Mercedes ML ya kipindi hicho ni 50:50, difu za wazi zote tatu na breki ndo polisi, labda uipate yenye pakeji ya porini. Harrier ya toleo la 2013 ni gari la mbele, nyuma inaitwa ikihitajika, inaanza 100:0 inaishia 50:50, na ile ya haibridi haina hata propela ya kwenda nyuma, kuna mota ya umeme ya kilowati 50 imekaa kwenye ekseli ya nyuma peke yake. Inasaidia kuondoka kwenye majani yenye umande, mifereji ya Sao Hill usiijaribu.

Sasa nikwambie kitu ambacho hujauliza na ndo kitakula hela yako kuliko tope. Matairi.

Aliwahi kuniletea jamaa gari lake, aina siitaji kwa sababu kosa halikuwa la gari. Analalamika akikata kona pakingi mdogo mdogo gari linagoma, linarukaruka kama limeshikwa breki. Taa haijawaka. Nikazunguka gari kwa miguu tu, mbele tairi mpya kabisa bado na vinyweleo vya mpira, nyuma zimeisha zinang'aa. "Nilikuwa na hela ya mbili tu fundi." Tukafungua transfa, lile boksi la katikati linalogawa nguvu mbele na nyuma, oili imetoka nyeusi inanuka kama mtu ameunguza kiatu, pleti za klachi zimebadilika rangi ya buluu pembeni. Bei ya zile pleti na kazi angenunua tairi nane.

Hesabu yake ni hii, kaa nayo. Tairi ya saizi 255/55R18 ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita kama 738, mzunguko wake mita 2.318. Ikiisha kashata, yale meno ya tairi, milimita 5 tu, kipenyo kinashuka mpaka 728, mzunguko mita 2.286. Unaona kama hakuna kitu. Lakini kwenye kilomita 100 ile mpya inazunguka mara 43,150 hivi na ile iliyoisha 43,740. Tofauti karibu mizunguko 590, kila kilomita 100, na hapo difu inazidisha zaidi ya mara tatu kabla haijafika kwenye propela. Dar mpaka Mafinga ni zaidi ya mara tano ya hapo. Kwenye X5 tofauti hiyo yote inamezwa na zile chapati kwenye hotipoti, zinasuguana safari nzima, kompyuta inadhani tairi zinateleza inazidi kubana. Kwenye Torsen ya Q7 na Prado kuna difu halisi inayovumilia kidogo, ila nayo inafanya kazi muda wote badala ya kupumzika. Na Prado ukisahau imelokiwa katikati ukaingia lami kavu ni yale yale, hakuna pa kumezea, propela zinajisokota, kitu kinatafuta pa kukatikia.

X5 nyingine utakuta zimevaa tairi nyembamba mbele na pana nyuma, 275/40R20 na 315/35R20, fundi tairi akiziona anasema hizi zimekosewa anakuuzia za kufanana upana. Usikubali. Piga hesabu, ya mbele kipenyo 728, ya nyuma 728.5, upana tofauti ila mzunguko ni mmoja, waliozipanga hawakulala. Akikuwekea 275/45 mbele kisa ndo iliyopo dukani, kipenyo kinaruka mpaka 755 na transfa yako imeanza kuhesabu siku.

Kwa hiyo ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja ningekuuliza, hizo safari nne, ya masika unaifanya kwa lazima au unaweza kuiacha gari Mafinga ukamalizia kwa bodaboda? Kama ni lazima uingie nayo, na mzee anaumwa au una mizigo ya msiba, chukua Prado usibishane. Kama tope ni mara moja moja na mwaka mzima uko Dar kwenye foleni na safari za lami, chukua X5, nunua tairi nne kwa siku moja zenye meno ya kufaa njia ya vumbi, badilisha oili ya transfa hata kama muuzaji anaapa ni ya maisha, na siku ya tope shusha upepo kidogo ukifika mwisho wa lami, beba pampu ya kuurudishia. Q7 ningeiweka katikati, imara pale kati kuliko X5 kwa sababu haina kimota cha kuchoka, ila ni ndefu na nzito, ikikaa imekaa. Na yoyote kati ya hizi ikiharibika, ibebwe juu ya lori tairi zote nne, ukimruhusu mtu aivute tairi mbili ziko chini umemmalizia kazi fundi wako.

Ukienda kuliona gari, kabla ya kufungua boneti, kata usukani mpaka mwisho tembea duara taratibu kwenye lami kavu, kushoto halafu kulia, likirukaruka au likigoma ondoka. Kama ni Prado simama, weka N, zungusha iende L4, bonyeza loki ya katikati, subiri taa zisimame bila kupepesa, maana nyingi zilizokaa mjini miaka kumi hazijawahi kuguswa hicho kitufe na mota yake imeganda. Kama uko mbali mwambie muuzaji akutumie picha ya ubavu wa kila tairi, zile namba nne za mwisho baada ya DOT, 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Akikutumia picha za tairi mbili tu, muombe zile nyingine mbili.